Ni nani anayeishi kwenye mizizi ya mboga zisizojua udongo?

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji mpenzi, ukiambiwa kwamba mboga ulizo nazo sahanini zimeota mahali pasipo na chembe ya udongo, utadhani pia zimeota mahali pasipo na viini? Mimi nilidhani hivyo. Na sikuwa peke yangu. Hata kijana aliyemuuzia dada yangu mitambo yake ya kilimo cha maji alituapia kwamba faida kubwa ya kuuacha udongo ni kuyaacha magonjwa yake yote huko huko. "Hapa ni usafi mtupu," alisema, huku akipangusa bomba jeupe kwa leso yake.

Dada yangu ni mjane mwenye watoto watatu, naye anaishi Kitengela katika ploti ya futi 50 kwa 100. Udongo wa huko wanaujua wanaoukanyaga. Ni mweusi, mvua ikinyesha hugeuka gundi ya kuwavua watu viatu, na jua likiwaka hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto unaingia. Aliposikia kuna mboga zinazoota ndani ya mabomba, juu ya vyuma, bila jembe wala palizi, alichukua mkopo wa shilingi 40,000 kutoka chama chake cha kina mama. Mimi ndiye niliyemhimiza. Nilikuwa nimesoma mambo hayo kijuujuu, na mwandishi wa gazeti anaposoma jambo kijuujuu huwa mshauri wa hatari.

Saladi za kwanza ziliuzika zote. Hoteli mbili za hapo mjini zilizichukua na kuuliza kama kuna nyingine. Tatizo lilikuwa bei ya zile chumvi za mbolea zinazoyeyushwa katika tangi, na hapo ndipo nilipotoa wazo langu la busara. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kuku. Kwa nini tusiloweke samadi ya kuku katika gunia, kisha tukamimina maji yake kwenye tangi? Si mbolea ni mbolea?

Tulifanya hivyo siku ya Jumamosi. Jumatano mpwa wangu alinipigia simu akaniambia, "Mjomba, mboga zinanuka kama mtaro." Kufikia Ijumaa saladi 180 zilikuwa zimelala juu ya mabomba kama nguo mbichi. Nilipong'oa mmoja, mizizi iliyokuwa meupe kama nyuzi za pamba ilikuwa imegeuka rangi ya chai, na nilipoivuta kwa vidole ngozi yake ilichubuka ikabaki mishipa myembamba ya katikati, mfano wa mkia wa panya.

Dada hakunilaumu. Alikaa juu ya kibao, akaanza kuhesabu kwa vidole miezi iliyosalia kulipa mkopo wa chama. Afadhali angenilaumu.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kufahamu ni kitu gani hasa tulichokiua, na ni kitu gani kilichotuua sisi. Niliyoyapata yamenishangaza, na yamkini yatakufaa wewe unayefikiria kuweka mabomba kwenye veranda yako, au unayenunua mboga za namna hiyo sokoni.

KARAMU YA CHINI KWA CHINI

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba mzizi ni mrija wa kunyonyea maji na madini. Hiyo ni nusu ya habari. Mzizi pia humwaga. Mmea hutengeneza sukari majanini kwa nguvu za jua, na sehemu ya sukari hiyo huiteremsha hadi mizizini na kuitoa nje. Makadirio mengi hutaja kati ya asilimia 5 na 20. Si sukari peke yake: kuna asidi za namna nyingi, viungo vya kutengenezea protini, ute, na chembe za ncha ya mzizi zinazobanduka kila uchao. Ukishika mzizi mzima wa saladi ukauona unateleza vidoleni, utelezi huo ni karamu iliyoandaliwa.

Na kwenye karamu wageni hawakosi. Gramu moja ya udongo mzuri, kiasi ambacho hakijazi hata kijiko cha chai, inaweza kuwa na bakteria bilioni moja. Ukikaribia mzizi msongamano huzidi. Mjerumani mmoja, Lorenz Hiltner, aliyekuwa akichunguza mizizi ya jamii ya kunde, ndiye aliyelipa eneo hilo jina mwaka 1904. Aliliita rizosfia, yaani mazingira ya mzizi. Ni ukanda mwembamba wa milimita chache tu, lakini humo ndimo mmea hupatana na kugombana na ulimwengu.

Je, mmea ni mpumbavu hata ukamwaga bure chakula ulichokihangaikia? La hasha. Baadhi ya vijidudu hao huyeyusha fosforasi iliyoshikwa na mawe. Wengine hutoa homoni zinazorefusha mizizi. Wengine huweka makao kwenye ngozi ya mzizi na kumnyima adui pa kushikia, au hutoa sumu ya kumfukuza. Nao maharagwe, kama kila mkulima wa kwetu anavyojua, hufuga bakteria ndani ya vinundu vya mizizi ili wawatengenezee nitrojeni kutoka hewani.

Sasa ondoa udongo. Karamu inakoma? Hapana. Mzizi haujui kwamba umehamishwa. Unaendelea kumwaga sukari yake ndani ya maji, na wageni wanaendelea kuja: kwenye mche, kwenye maji ya kisima, kwenye vumbi, kwenye mikono yako, kwenye miguu ya vijinzi vidogo vinavyopenda unyevu. Wataalamu waliohesabu kwenye nyanya zilizopandwa katika mitambo ya maji walikuta kwamba, siku moja hivi baada ya miche kuwekwa, kila mililita ya maji ilikuwa na bakteria kati ya laki moja na milioni moja. Mililita moja ni matone ishirini hivi. Huo ndio usafi mtupu tuliouziwa.

Tofauti iko kwingine. Udongo ni mtaa mkongwe. Kila nyumba ina mwenyewe, kila kona ina mzee anayejua nani ni mgeni, na mwizi akiingia huonekana. Mabomba mapya ni kama nyumba za kupanga zilizomalizika jana: milango iko wazi, taa zinawaka, na hakuna jirani. Atakayeingia wa kwanza ndiye atakayekuwa mwenye mtaa. Akiwa mwema, heri. Akiwa jambazi, ole wako.

WALIOANZA WALIFIKIRIA CHUMVI TU

Kusema kweli waanzilishi wa kilimo hiki hawakuwa na haja na vijidudu. Katika miaka ya 1860 wanasayansi wa Ujerumani, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, waliotesha mimea katika vyombo vya maji ili wajue ni madini gani inayahitaji. Lilikuwa swali la kemia, nao walilijibu. Mwaka 1929 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California akatangaza kwamba njia hiyo yaweza kutoka maabara ikaenda shambani, na akawashangaza majirani zake kwa nyanya zilizopanda juu hadi kuhitaji ngazi. Ni yeye aliyelieneza jina la haidroponiki, mwaka 1937. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili jeshi la Marekani lilitumia ujuzi huo kulisha wanajeshi kwa mboga mbichi kwenye visiwa vyenye mawe matupu, kama vile Ascension katika Bahari ya Atlantiki.

Kote huko mzizi ulitazamwa kama mteja wa duka la chumvi. Mpe nitrojeni, mpe potasiamu, mpe chokaa na chuma kwa vipimo, basi.

Hapa Kenya kilimo bila udongo hakikuletwa na mapenzi ya mboga bali na waridi. Ukipita Naivasha na kuona yale mahema makubwa ya plastiki, usidhani maua yote ya humo yameshika ardhi. Mengi hupandwa katika mawe mepesi ya volkano ambayo sehemu hizo zimejaliwa nayo, au katika vumbi la makumbi ya nazi. Sababu mojawapo ilikuwa maradhi ya udongoni na minyoo isiyoonekana kwa macho ambayo hutafuna mizizi. Zamani mashamba yaliiua kwa gesi ya methili bromidi. Lakini gesi hiyo hutoboa tabaka la ozoni linalotukinga na jua, nayo iliwekwa katika orodha ya Mkataba wa Montreal mwaka 1992. Nchi tajiri zilitakiwa kuiacha kufikia 2005, na nchi kama yetu kufikia 2015. Wenye mashamba ilibidi watafute njia nyingine, na mojawapo ikawa kuuacha udongo wenyewe.

Waliponea kwa minyoo, ila si kwa kila kitu. Kuna bakteria aitwaye Agrobacterium ambaye hufanya shina la waridi livimbe nundu karibu na mizizi. Kijidudu hiki kina ujanja unaotisha: huingiza sehemu ya chembe zake za urithi ndani ya mmea, ukajikuta unamjengea nyumba na kumpikia. Maji yakizungushwa kutoka mmea hadi mmea ili yasipotee bure, naye hupata basi la kupanda. Kwa wakulima wa nyanya na matango wa Ulaya, ndugu yake mwingine husababisha mizizi kuota ovyo kama nywele za kichaa, mpaka inajaza kitalu kizima huku matunda yakipungua.

MUOGELEAJI MWENYE MIKIA MIWILI

Aliyetembelea mabomba ya dada yangu, kwa dalili zake, ni mwingine. Jina lake ni Pythium. Kwa miaka mingi aliwekwa kwenye ukoo wa kuvu, lakini uchunguzi wa karibuni umeonyesha kwamba ukoo wake hasa uko karibu na ule mwani wa kahawia wa baharini. Kwa hiyo usishangae kwamba anapenda maji. Hutoa mbegu ndogo ndogo zenye mikia miwili, nazo huogelea. Hunusa sukari inayomwagwa na mzizi, huifuata, hutua juu ya mzizi, hutupa mikia yake na kuanza kutoboa.

Katika udongo safari yake ni ya sentimita chache tena yenye vizuizi tele. Katika bomba linalozungusha maji, mmea mmoja ukiugua asubuhi, mbegu za adui hupita kwenye mizizi ya mimea yote kabla ya chakula cha mchana. Hiyo ndiyo hasara ya kunywa kikombe kimoja.

Lakini jambo nililojifunza, na ambalo kijana wa mabomba hakulitaja, ni kwamba Pythium huwa karibu kila mahali. Kuwapo kwake si kitu. Huvamia pale mzizi unapodhoofika, na kinachoudhoofisha mzizi upesi zaidi ndani ya maji ni kukosa pumzi.

Mizizi hupumua, msomaji. Huhitaji oksijeni sawa na sisi, na katika maji oksijeni ni kidogo. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20, ukiwa usawa wa bahari, hubeba miligramu 9 tu hivi. Yakifika nyuzi 30 hushuka hadi miligramu 7.5. Joto linapopanda maji hubeba pumzi kidogo, ilhali mizizi na vijidudu wote huhema zaidi. Kisha kumbuka kwamba sisi wa nyanda za juu hatuko usawa wa bahari. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu, hewa yake ni nyepesi, na maji yake hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja kwa sita kuliko maji ya Mombasa yenye joto lilo hilo. Vitabu vingi vya kilimo hiki viliandikwa na watu wa nchi baridi za tambarare. Ni vyema kukumbuka hilo unapovisoma.

Sasa tazama tangi la dada yangu: jeusi, lita 200, limekaa juani juu ya matofali, na pampu inayonyamaza kila stima inapopotea. Hata kabla ya kuku kuingia katika hadithi hii, mizizi ile ilikuwa ikihema kwa shida.

SAMADI ILIFANYA NINI?

Ndiyo, tuje kwenye samadi, maana najua kuna msomaji anayesema, "Mbona mimi huiweka shambani kila msimu na mahindi hushukuru?"

Mmea hauli samadi. Udongo ndio huipika kwanza. Bakteria huivunja ikatoa amonia, ile harufu inayochoma pua kwenye banda la kuku. Kundi jingine la bakteria huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, nalo kundi la tatu huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo mimea mingi huipenda. Mrusi Sergei Winogradsky aliieleza kazi hii ya kupokezana mnamo mwaka 1890. Ni mafundi wa polepole. Wale wanaofuga samaki na mboga pamoja, maji ya samaki yakirutubisha mboga, huambiwa wasubiri kama wiki nne hadi sita mafundi hao wajae kwenye mawe na kuta za tangi kabla ya kutia samaki wengi. Asiyesubiri huamka akakuta tilapia wake wanaelea matumbo juu.

Sisi tulimimina samadi katika tangi lisilo na mafundi. Bakteria wa kuozesha, ambao huzaana upesi mno, walipata sherehe. Walikula, wakahema, wakaimaliza oksijeni. Pumzi ilipokwisha walifuata wale wasiohitaji oksijeni, na hao ndio wenye harufu ya mtaro na ya mayai viza. Amonia ikabaki palepale ikiunguza mizizi. Pythium hakuhitaji hata kubisha hodi.

Uchungu ni kwamba wazo lenyewe halikuwa la kijinga kabisa. Kijinga ilikuwa ni haraka yetu. Mjapani Makoto Shinohara na wenzake walichapisha mwaka 2011 njia ya kutumia mbolea ya asili katika kilimo cha maji. Walichukua maji, wakatia mboji kidogo ya magome ya miti kama mbegu ya vijidudu, wakaongeza mbolea ya samaki, wakapuliza hewa bila kukoma, na kungoja hadi vipimo vionyeshe kwamba nitreti imejitokeza. Ndipo wakaweka mimea. Ni kama kuchachua uji au maziwa lala: huwezi kuuharakisha, na chombo kina wenyewe.

UKIUA WOTE, UNAMWITA NANI?

Baada ya msiba ule nilitaka kununua dawa kali nioshe kila kitu kwa klorini mara moja kwa wiki, pasiwe na kijidudu hata mmoja. Wengi hufanya hivyo. Wengine humimina hidrojeni peroksaidi katika maji mimea ikiwa humo humo.

Jaribio lililonizuia lilifanywa Uholanzi, kwenye matango. Joeke Postma na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 2000. Walichukua vitalu vya pamba ya mawe, ambavyo ndivyo Waholanzi hutumia badala ya udongo, vile vilivyokwisha kulimiwa. Vingine waliviua vijidudu vyote. Vingine wakaviacha kama vilivyo. Kisha wakaleta Pythium. Ni wapi ugonjwa ulizidi? Katika vile vilivyosafishwa! Nao waliporudisha vijidudu kutoka vitalu vya zamani kwenye vile visafi, kinga ilirudi nayo.

Kwa maneno mengine, wapangaji wa zamani ndio walikuwa askari wa mtaa.

Hii haina maana kwamba uchafu ni mzuri. Baada ya mavuno yaliyougua, mabomba matupu lazima yasuguliwe, yaoshwe kwa klorini, yasuuzwe na kukaushwa juani. Mabaki ya mizizi yasiachwe humo. Lakini kumwaga dawa ya kuua kila kitu kwenye maji yenye mimea hai ni kufukuza askari na wezi kwa pamoja, na kati ya hao wawili mwizi ndiye hurudi mbio zaidi.

Kuna njia ya katikati ambayo naiona nzuri kwa mfuko wa Mkenya, nayo ni chujio la mchanga la mwendo wa pole. London ilianza kusafishiwa maji ya kunywa kwa njia hii mwaka 1829. Maji hupita polepole kwenye mchanga laini, kati ya lita 100 na 300 kwa saa kwa kila mita mraba, na juu ya mchanga hujengeka utando wa ute uliojaa vijidudu. Utando huo ndio hufanya kazi. Mchanga ni nyumba tu. Watunza bustani wa Ulaya walipoujaribu kwenye maji ya mimea walikuta unawanasa vizuri Pythium na jamaa yake Phytophthora, anayeozesha viazi. Kwa virusi hauaminiki sana. Pipa, kokoto, mchanga uliooshwa na bomba dogo vyatosha. Usiukoroge ule utando kwa kupenda usafi.

Na vile vipakiti vya "bakteria wema" vinavyouzwa? Vingi vina Bacillus subtilis au kuvu anayeitwa Trichoderma, na wote wawili ni maadui halisi wa maradhi ya mizizi. Ila ni viumbe hai. Pakiti iliyoanikwa kwenye dirisha la duka tangu mwaka juzi ni vumbi la bei ghali. Tazama tarehe, tazama kama dawa hiyo imesajiliwa na bodi ya PCPB, uliza ilihifadhiwa wapi, na usiitie katika maji yenye klorini, kwa kuwa utakuwa umenunua askari kisha ukawapiga risasi langoni. Tena itie mapema, miche ikiwa michanga, mtaa ukiwa bado mtupu. Mizizi ikishaoza hakuna pakiti ya kuifufua.

NA AFYA YA WALAJI JE?

Viini nilivyovitaja hadi sasa huua mboga, haviwaumizi watu. Lakini maji yale yale yanaweza kubeba vinavyotuumiza sisi, hasa tunapokula vitu vibichi. Mwaka 2011 Ujerumani ilikumbwa na ugonjwa wa kuhara damu ulioharibu figo za watu. Zaidi ya watu 3,800 waliugua na zaidi ya 50 wakafariki. Matango yalisingiziwa kwanza, wakulima wa Hispania wakapata hasara kubwa, kabla ya wapelelezi kufika kwenye chanzo chenyewe: uwatu uliooteshwa majini na kuliwa mbichi ungali chipukizi. Bakteria wa E. koli walikuwa wamekuja na mbegu, na ule unyevu na uvuguvugu wa kuotesha ukawazidisha.

Kwa hiyo mama unayeotesha pojo au uwatu jikoni, suuza kwa maji safi mara kwa mara na ni afadhali uzipike hadi ziive kabisa kwa wazee, wajawazito na watoto. Nawe mwenye saladi za mabomba, usitumie maji ya mto au ya mtaro, na utaelewa sasa kwa nini kosa letu la samadi mbichi ya kuku, ambayo inaweza kuwa na Salmonella, lilikuwa baya kuliko hasara ya mkopo. Nashukuru zile saladi zilikufa kabla ya kufika hotelini.

Wenye ng'ombe wa maziwa wanaootesha shayiri kwenye trei nao watazame chini ya lile zulia la mizizi. Trei zikibanana pasipo hewa, kuvu huota pale kabla ya siku ya saba, nyeusi au ya kijani. Usiikwangue ukampa ng'ombe inayobaki. Baadhi ya kuvu hizo hutoa sumu, nayo sumu ya aflatoksini hupitia hadi kwenye maziwa. Nchi hii haijasahau mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu 125 huko Ukambani.

Dada yangu alianza upya mwezi wa pili baada ya msiba, kwa pesa zangu safari hii. Tangi tulilifunika kwa magunia yaliyolowa na kulihamishia kivulini upande wa choo cha nje. Tulipaka mabomba rangi ili mwanga usipenye na kuotesha mwani. Mwisho wa kila bomba maji huanguka futi moja hivi ndani ya ndoo kabla ya kurudi tangini, na kule kuanguka huyachanganya na hewa bila gharama. Pampu ina betri ndogo ya sola. Chumvi tunanunua, kwa bei ile ile inayouma, na samadi ya kuku sasa inaenda kwenye mashimo ya ndizi.

Kila asubuhi mpwa wangu mkubwa hutia kipimajoto tangini na kuandika daftarini. Yakizidi nyuzi 24 humwagia magunia maji. Kisha hung'oa mche mmoja, hutazama mizizi, huinusa, na kuurudisha. Mizizi mizima haina harufu kubwa. Inanukia kama mvua ya kwanza. Juma lililopita alipata mmoja wenye ncha za kahawia karibu na mwisho wa bomba la tatu. Aliutoa na wa pembeni yake, akavitupa mbali na nyumba, akanawa mikono kwa sabuni, halafu akanipigia simu kunieleza.

"Na mingine?" nikamuuliza.

"Mingine iko sawa, mjomba. Lakini mama amesema usilete wazo lolote."